Ulimi wa Mtewele

1

Severin Mtewele alipenda kwenda baa kuwatazama watu wakinywa, kama ambavyo wengine hupenda kwenda mbugani kutazama nyani. Alichagua kiti cha pembeni, akashusha kofia yake ya sufu hadi kwenye nyusi, maana baridi ya Njombe mwezi Juni haina adabu kwa mtu mwenye upara, akaagiza maji ya moto yenye tangawizi. Bia hakuinywa mbele za watu. Kuinywa mbele za watu ilikuwa kazi, na kwa kazi hiyo alilipwa.

Meza ya jirani walikaa kijana wa benki na mchumba wake. Kijana alikuwa na kipele nyuma ya sikio, kidude cheusi kisichozidi punje ya ulezi. Aliinua glasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti bandia, akanywa funda moja na kufumba macho. Severin alilijua neno litakalofuata kabla halijatoka.

“Ganda la limau,” kijana akasema taratibu. “Ganda la limau lililoanikwa juani. Halafu kwa mbali, mkate unaotoka tanurini.”

“Hata mimi!” mchumba akasema, na kipele chake kikimeta nywele zilipopeperuka. “Mkate kabisa.”

Mkate kabisa, Severin akarudia moyoni, na mdomo wake wa juu ukapanda kidogo upande wa kushoto. Watu hawa wasingeweza kutofautisha bia na maji ya kusuuzia pipa. Limau lilikuwa lake. Tanuri lilikuwa lake. Hata kule kufumba macho kulikuwa kwake, nao walikuwa wamekaa pale wakisinzia kwa raha ya kukodi.

Ukweli wenyewe wataalamu wa ubongo walikuwa wameujua tangu zamani. Ulimi ni tarishi tu. Kabla bia haijagusa mdomo, ubongo umeshaibashiri ladha yake kwa rangi, kwa jina, kwa sura ya chupa, kwa mtu aliyekusifia, na kile tunachokiita ladha kwa sehemu kubwa ni ubashiri huo. Ulimi hutumwa kwenda kuuthibitisha. Kampuni ya Kionjo ilichofanya ni kuugeuza ukweli huo kuwa bidhaa. Walimkalisha Severin Mtewele, mwonjaji mwenye jina kuliko wote nyanda za juu, wakamfunga mkanda wa vihisio kichwani, wakamwonyesha chupa baada ya chupa, na kunasa ubashiri wake katika ule muda mfupi kati ya kuona na kumeza. Kisha wakaupandikiza nyuma ya masikio ya watu. Aliyenunua kipele chenye Ulimi wa Mtewele alipotazama bia, alitarajia kile ambacho Mtewele angetarajia. Na kwa kuwa alikitarajia, alikipata. Hakuwa anajifanya. Alikipata kweli.

Mgeni mmoja wa makamo, mwenye koti la mvua na kipele kipya sikioni, alimwita mhudumu.

“Dada, nimesikia kuna bia ya hapa hapa, inaitwa Ukungu.”

“Ipo, baba. Lakini...”

“Lakini nini?”

“Wengi wanairudisha.”

“Wewe lete tu.”

Severin aligeuka kidogo kwenye kiti. Hii ndiyo sehemu aliyokuja kuitazama. Bia ililetwa, nzito, rangi ya udongo wa mfinyanzi, povu limesimama vizuri. Mgeni aliinua glasi, na kabla hajaifikisha mdomoni mdomo wake wa juu ulipanda upande wa kushoto. Akanywa. Akaitema kwenye kitambaa cha meza.

“Tambara la jikoni!” akasema. “Inanuka tambara la jikoni!”

Maneno yaleyale. Sura ileile. Severin alimaliza maji yake ya tangawizi akiwa ameridhika kama mwalimu ambaye darasa lote limekariri vizuri.

Alikuwa amefika mara moja tu kwenye kiwanda kinachotengeneza Ukungu, kule Uwemba, na mara hiyo ilimtosha. Aliona ndoo za plastiki. Aliona kuku amesimama juu ya pipa akijisaidia. Aliona mwenye kiwanda, mwanamke mpana aliyevaa gambuti, Editruda Mwalongo, aliyewahi kuwa mhandisi wa mabomba ya gesi kabla hajaacha kazi, akimwelekeza kwenye kiti kwa kidevu bila kunyanyuka. Mtu wa namna hiyo atatengeneza nini? Severin alikuwa amekwisha kuchefukwa kabla glasi haijamfikia. Wiki iliyofuata alikaa kwenye kiti cha Kionjo, akaonyeshwa chupa ya Ukungu, na kichefuchefu chake kikanaswa na kupelekwa nyuma ya masikio ya watu laki moja.

2

Shindano la bia la mwaka huo lilikuwa na sheria mpya, na Severin aliidharau kabla hajaisikia hadi mwisho.

“Kila jaji atavaa kizibo,” alisema Festo Nyagawa, fundi mkuu wa Kionjo, mtu wa maneno machache na vidole virefu, aliyeazimwa na waandaaji kwa siku hiyo. Alinyanyua utepe mwembamba wa kijivu. “Kinafanya kinyume cha kipele. Kipele kinakupa ubashiri. Hiki kinaunyamazisha ule ulio nao. Utaonja bila kutegemea chochote.”

“Mimi sitegemei chochote, Festo. Mimi najua.”

“Sawa, mzee. Inamisha kichwa.”

Majaji wengine waliinamisha vichwa kwa utii wa kondoo. Mmoja alikuwa mwenye hoteli, mwingine mtangazaji wa redio. Severin hakuwahi kuelewa kwa nini watu hao waliruhusiwa hata kushika glasi. Wote walivishwa. Vikombe vilikuja vyeusi, vimefunikwa, vina namba tu.

Kikombe cha kwanza kilimtia hofu. Alikunywa akasubiri maneno, na maneno hayakuja. Kulikuwa na uchungu, na baridi, na kitu kikikwaruza, basi. Alihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta samani zimehamishwa. Cha pili kilikuwa kama maji yaliyopita kwenye nyasi. Cha tatu alikipa alama ndogo kwa hasira. Hii ndiyo bia? Hiki ndicho kitu alichokipa maisha yake?

Halafu kikaja kikombe kimoja, naye akanywa bila hamu.

Hakuwa na neno la kusema. Ilikuwa nzito bila kulemea, chachu kidogo pembeni, na ndani yake kulikuwa na joto fulani ambalo halikuwa kileo. Ilimkaa kifuani. Akanywa tena. Akakumbuka kuwa jaji haruhusiwi kumaliza kikombe, akakimaliza. Kisha, bila kufikiri, akapitisha ulimi kwenye ukingo wa kikombe pande zote, kama mtoto anayelamba sufuria ya uji. Akaandika alama zote zilizokuwapo kuandikwa.

Festo aliwavua vizibo mmoja mmoja, na mwendesha shindano akasimama na kutaja washindi kuanzia chini. Alipofika juu kabisa akasema jina la Ukungu, na kutoka nyuma ya ukumbi mwanamke mpana akaja mbele kwa hatua zisizo na haraka. Safari hii alikuwa amevaa viatu.

“Kuna kosa,” Severin akasema. “Nipeni hiyo bia. Hiyohiyo.”

Walimpa, kutoka chupa ileile, kwenye kikombe kilekile. Aliitazama. Aliona ndoo, akaona kuku, akaona kidevu kikimwelekeza kiti. Akanywa, na kinywa chake kikajaa maji ya tambara lililosahaulika chini ya sinki. Si mawazo. Ladha. Alimeza kwa taabu, na macho yakamtoka.

“Mmeibadilisha.”

“Hakuna aliyebadilisha, mzee,” Festo akasema kwa sauti ya chini.

Editruda Mwalongo alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akimtazama kama mtu anayetazama gari lililokwama kwenye tope la kujitakia.

“Kamwene, Bwana Mtewele,” akamsalimia Kibena. “Nimekuona ukilamba ukingo.”

3

Ofisi za Kionjo zilikuwa juu ya duka la mbolea, na harufu ya mbolea ilipanda hadi kwenye chumba cha kunasia. Meneja, Nikodemo Sanga, hakuisikia, au alikuwa ameizoea. Sanga hakuwahi kunywa bia maishani mwake kwa sababu ilimpa kiungulia, na Severin aliamini ndiyo sababu alikuwa meneja mzuri wa kampuni inayouza ladha ya bia. Hakuwa na ndoto yoyote kuhusu bidhaa.

“Jambo ni dogo,” Sanga akasema. “Bia imeshinda. Ila kila mwenye kipele chetu akiinywa anaitema. Watu wataanza kuuliza nani mwongo, shindano au sisi. Kwa hiyo Bwana Mtewele unarudi kwenye kiti, unainasa upya, tunaiweka kwenye toleo jipya la Jumamosi. Bi Mwalongo ameomba kushuhudia, na mimi sina pingamizi.”

“Sikuomba,” Editruda akasema. “Nimesema nakuja, nikaja.”

Severin alikaa. Festo akamfunga mkanda, akageuza kioo kikubwa ili wote waone. Mstari wa kijani ulitambaa juu yake ukiwa umetulia.

“Mstari ukipanda, unatarajia raha,” Festo akamweleza Editruda. “Ukishuka, karaha. Tunachonasa ni pale kabla hajanywa. Huwezi kuudanganya, hata ukijitahidi.”

“Na nani atajitahidi?” Severin akasema. “Nimeonja. Najua ni nzuri. Lete.”

Akaletewa chupa ya Ukungu. Mstari ulianguka kabla mkono wake haujaondoka kwenye egemeo la kiti. Ulianguka kama ndoo kisimani.

“Tena,” akasema.

Safari hii alifumba macho akajikumbusha ukumbi, kikombe cheusi, lile joto kifuani. Alijisemea ni nzuri, ni nzuri. Akafumbua. Ukaanguka.

Alijaribu hadi jasho likamtoka chini ya mkanda. Aliomba chupa igeuzwe asione jina. Mstari ukaanguka kwa kuona umbo la chupa. Aliomba imiminwe kwenye glasi. Ukaanguka kwa kuona rangi. Hatimaye Editruda akasogea karibu na kioo, akaweka kidole chake kwenye lile shimo la kijani, akakishusha nalo polepole.

“Kwa hiyo hiki ndicho ninachokuwa ndani ya kichwa chako,” akasema.

Severin aliutazama mstari. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuiona dharau yake imechorwa, na hakupenda jinsi ilivyokuwa na kina.

“Ipo njia,” Festo akasema, akiwa ametazama vidole vyake. “Ile raha ya siku ya shindano, baada ya kumeza, kizibo ulichovaa kiliihifadhi. Naweza kuikata pale, nikaibandika hapa mbele, chini ya jina la Ukungu. Mtu akiona chupa, atapata matarajio yenye raha ile. Hakuna atakayejua.”

“Safi,” Sanga akasema. “Fanya.”

“Fanya,” Editruda akasema.

“Hapana,” Severin akasema.

Wote wakamgeukia.

“Ulimi wa Mtewele ni ulimi wangu,” akasema. “Watu wananunua ninachokitarajia mimi. Hicho unachotaka kubandika sikuwahi kukitarajia. Ni uongo. Mimi nina makosa yangu, lakini katika maisha yangu sijawahi kuisifia bia ambayo kinywa changu hakikuisifia.”

Editruda alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

“Nina watu ishirini pale Uwemba, Bwana Mtewele. Wengine nimeanza kuwarudisha nyumbani. Umewapandikizia watu laki moja kichefuchefu chako kwa sababu uliona kuku, wala hukujiuliza swali hata moja. Leo nikitaka wapandikiziwe raha, ambayo uliipata kweli kwa kinywa hicho hicho, ndiyo unaniletea maadili?”

“Kile kichefuchefu kilikuwa cha kweli.”

“Na ukweli wenyewe ulikuwa nini? Kwamba hukupenda gambuti zangu.”

Severin alimtazama mwanamke huyu, shingo fupi, kucha zenye weusi wa kimea usiotoka, akatafuta ndani yake kitu chochote cha kumheshimu, na kwenye kioo nyuma yake, kwa kuwa Festo alikuwa hajafungua mkanda, mstari ukashuka tena. Editruda aliuona. Akachukua mkoba wake.

“Jumamosi,” Sanga akasema, akimsindikiza kwa macho hadi mlangoni. “Toleo linakwenda hewani moja kwa moja Jumamosi mchana. Ama unakubali raha ile ibandikwe, au unakaa kwenye kiti mbele ya watu wote na mstari huo uanguke na mshindi wa mwaka atemwe ukumbini. Chagua.”

4

Severin alizunguka siku zote zilizobaki akiwachukia watu. Aliwachukia kwa bidii, kama mtu anayefua. Alipita baa zilezile, akatazama masikio yaleyale, na jambo moja likamkera kuliko yote: hakuweza tena kuwacheka. Kwa kila mdomo uliopanda upande wa kushoto alijiuliza kama ungepanda hivyo bila yeye. Alianza kuwaza kwamba huenda nyani alikuwa mmoja tu, na hao wengine walikuwa vioo.

Kuibandika raha lilikuwa jambo jema kwa Editruda, hilo alilikubali. Lakini angekuwa amewadanganya laki moja. Kuuacha mstari uanguke lilikuwa jambo la kweli, na lingeua kiwanda kizima kwa sababu ya kuku. Ijumaa alikwenda nyumbani kwa Festo, akamkuta anapalilia maharage.

“Nipe kizibo,” akasema.

Festo aliegemea jembe. “Ukikaa kwenye kiti na kizibo, mstari hautapanda wala kushuka. Utakuwa sakafu.”

“Ndiyo.”

“Na sakafu ndiyo itakayokwenda kwenye vipele. Kwa bia zote, si Ukungu tu. Watu wataonja bila matarajio ya mtu yeyote. Hata yao, maana kipele kinafunika ya mwenyewe.” Alifikiri. “Msimu mzima, mpaka toleo lingine. Sanga atanifukuza.”

“Sema hukujua. Nitavaa kofia.”

“Nao hao watu hawajaombwa ruhusa, mzee.”

“Hawakuombwa hata mara ya kwanza,” Severin akasema. “Na angalau safari hii sitakuwa ninawalisha chochote.”

Alijua jibu hilo lina tundu. Festo pia alijua. Lakini aliingia ndani, akatoka na utepe wa kijivu ameukunja ndani ya jani la mgomba, akampa pamoja na fungu la maharage, kama mtu aliyekuja kuomba mboga.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kila meza ilikuwa na bia za msimu, na nyuma ya kila sikio kipele kikisubiri. Kijana wa benki alikuwapo na mchumba wake, safari hii wamevaa sare. Severin alipanda jukwaani na kofia yake ya sufu, wakampigia makofi, naye akawatazama kwa macho ambayo hayakuwa na upendo wowote. Akakaa. Festo akafunga mkanda juu ya kofia.

Chupa zikapita mbele yake moja moja. Kwenye kioo kikubwa mstari ulikuwa umelala kama barabara ya lami. Sanga, aliyesimama pembeni, alikunja uso, akamtazama Festo, na Festo akawa anakaza waya ambao haukuwa umelegea. Ukungu ikapita. Mstari haukushtuka. Kengele ikalia, toleo likaenda, na watu wote mle ndani wakainua glasi kwa pamoja.

Kilifuata kimya cha ajabu, kama cha watu waliotaja jina la mgonjwa na kuambiwa amekwisha kuzikwa.

“Mbona chungu?” mtu akauliza.

“Chako chungu? Changu hakina kitu.”

“Mhudumu! Hii imeharibika.”

“Limau liko wapi?” Alikuwa kijana wa benki. Aliinusa glasi, akainusa tena, akamgeukia mchumba wake kwa uso wa mtu aliyeibiwa. “Wewe unalipata limau?”

“Silipati,” mchumba akasema. Alikunywa tena kidogo, akafikiri, na kitu kipya kikamjia usoni. “Mimi nadhani sipendi bia.”

“Unasema nini? Sisi tunapenda bia. Tumekutana kwenye bia.”

“Naomba soda,” akamwambia mhudumu.

Kelele zikapanda. Mtu alirusha kifuniko cha chupa jukwaani. Mwingine akadai arudishiwe alicholipia, na meza nzima ikamuunga mkono. Katikati ya fujo ile wapo waliokuwa wamenyamaza, wachache, wametawanyika; mzee mmoja mwenye fulana ya mpira, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wakinywa polepole na kutazama ndani ya glasi zao. Mbele ya wengine kulikuwa na Ukungu. Mbele ya wengine kulikuwa na ile bia ya bei ya chini ambayo Severin hakuwahi kukubali hata kuitazama. Yule mzee mwenye fulana ya mpira aliionja Ukungu, akatikisa kichwa, akaisukuma kando, akarudi kwenye bia yake ya bei ya chini kwa raha tupu.

Severin aliliona hilo pia. Kwa hiyo hata sasa, akawaza, hata bila mimi, mpumbavu amechagua pumba. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa na njia ya kujua kama ni mpumbavu.

Sanga alimvua kofia kwa mkono wake mwenyewe. Alipouona utepe wa kijivu hakupiga kelele. Aliutazama tu, kisha akautazama ukumbi.

“Umeniulia kampuni,” akasema.

“Nimekuachia kampuni,” Severin akasema. “Bia zipo palepale.”

“Nani amewahi kununua bia?” Sanga akauliza, na kwa mara ya kwanza Severin akamheshimu kidogo.

5

Alifukuzwa, na jina lake likaondolewa kwenye vipele. Festo alibaki kazini, maana hakuna mwingine aliyejua mitambo ile. Baada ya majuma kadhaa Severin alipanda gari la kwenda Uwemba, akashuka kwenye ukungu mzito, akatembea hadi kiwandani kwa Editruda. Kuku walikuwapo. Ndoo zilikuwapo. Chini ya paa la bati watu kiasi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa. Hawakuwa wengi, wala hawakuwa wachache kama zamani.

Editruda alimwona, na safari hii alinyanyuka, ingawa si kwa heshima.

“Umekuja kushukuriwa?”

“Hapana.”

“Vizuri. Maana sina shukrani. Nimewarudisha kazini watu kumi, wengine bado. Wanaokuja hapa wanasema bia yangu ni sawa. Unajua neno sawa linaniuma vipi? Mmoja juzi ameniambia ina kaladha fulani. Kaladha! Festo alikuwa na raha yako mkononi, ameikata tayari, nikataka aibandike tu. Nilitaka waipende. Wewe umewafanya waionje.”

“Wapo walioipenda.”

“Wapo. Na kila mmoja anaipenda kivyake, wala hawaelewani. Leo asubuhi wawili karibu wapigane, huyu anasema ni tamu, yule anasema ni chachu.” Alipangusa mikono kwenye aproni. “Nikupe nini?”

“Ukungu.”

Alimmiminia. Severin alikaa kwenye benchi, kati ya fundi seremala mmoja na mkewe, akaiweka glasi mbele yake. Hakuwa na kipele wala kizibo. Aliitazama rangi ya udongo wa mfinyanzi, povu lililosimama vizuri, na pembeni yake, juu ya pipa, kuku. Alihisi mdomo wa juu ukianza kupanda, akaubana kwa meno, na haukusaidia kitu. Akanywa.

“Ikoje?” Editruda akauliza. Alikuwa amesimama akimngoja.

“Mbaya.”

“Tambara?”

“Tambara.”

Seremala akageuka. “Mzee, hii hii? Unaumwa?”

“Hapana,” Severin akamwambia, akimtazama kwa dharau aliyokuwa nayo tangu ujana na ambayo hakutegemea kuizika karibuni. “Mimi sina ugonjwa. Wewe kunywa yako.”

“Basi acha,” Editruda akasema. “Hakuna aliyekulazimisha.”

“Najua ni nzuri.”

“Unajuaje, na wewe huioni nzuri?”

Severin alikuwa na kumbukumbu ya kifua chenye joto na ulimi uliolamba ukingo, lakini hata hiyo ilikuwa ya mtu mwingine sasa, mtu aliyeishi mchana mmoja ndani ya utepe wa kijivu. Aliinua glasi tena. Ilikuwa mbaya katikati kama ilivyokuwa mbaya juu. Ilikuwa mbaya hadi kwenye mashapo. Seremala na mkewe walikuwa wameacha kuongea, wakimtazama mzee mwenye kofia ya sufu akinywa kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, bila kupumzika, hadi glasi ikabaki na povu tu.

Akaisukuma kwa Editruda.

“Nyingine,” akasema.

Editruda akaichukua glasi, akaijaza hadi povu likamwagika mezani likamlowanisha Severin mkono wa koti, akaenda kuwahudumia wengine.